Nani Kachakachua?

Kwetu Tanzania kituo chochote cha mafuta ni sheli. Ubao wa juu unaweza kuwa wa Puma, Oryx, TotalEnergies au wa mfanyabiashara wa Kibaigwa asiyejulikana kupita Gairo, dereva aliyeishiwa wese atauliza tu, "Sheli iko wapi hapa?" Jina la kampuni moja lilishageuka kuwa jina la vituo vyote, na lugha ikaendelea na mambo yake. Wenye magari ndio hawajakubali. Kila mwenye gari ninayemfahamu ana sheli yake, na ana nyingine ambayo hata taa ya mafuta iwake vipi hatakanyaga. Ukimuuliza sababu, atakusimulia siku gari lilipokataa kuwaka.

Kwa hiyo kuna swali la gereji: je, jina la sheli linaweza kulifanya gari likatae kuwaka? Mimi si fundi, chuoni nilisoma falsafa, na wajomba zangu bado wananiuliza inaajiri wapi. Ila ndani ya swali hilo la gereji kuna jingine ambalo sijaweza kuliacha tangu Oktoba iliyopita: mtu anahitaji kujua kiasi gani kabla ya kusema hadharani kwamba fulani kamharibia?

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana Altezza. Wanaolijua gari hilo hawahitaji maelezo. Wasiolijua walishalisikia usiku barabara ya Iringa. Lake ni RS200, injini ya 3S-GE, silinda nne za lita mbili, ambayo Yamaha walishiriki kuiunda. Toyota walianza kulitengeneza 1998, likachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani, na 2005 wakaacha. Maana yake Altezza iliyo changa kuliko zote duniani imeshapita miaka 20. Kaka analiosha kila Jumamosi kana kwamba hajui hesabu hiyo.

Oktoba, mwezi ambao jua la Dodoma linachoma na vumbi la Nzuguni linaingia hadi kwenye kopo la sukari, gari likaanza kugoma. Halikugoma popote tu. Liligoma sheli. Akishajaza, akilipa, akizungusha ufunguo, stata inalia, injini haishiki. Vijana wa pale wanalisukuma pembeni, baada ya nusu saa linawaka kama halijawahi kuumwa. Kaka ni mhasibu, kwa hiyo aliandika kwenye simu. Alijaza mara tisa: tano kwenye sheli ya kwanza, kubwa, ya kampuni yenye jina, nne kwenye sheli ya pili, ndogo, ya mtu binafsi. Kule kwa kwanza liligoma mara nne kati ya tano. Kule kwa pili halikugoma hata mara moja.

Sasa jiweke mahali pake. Ungefikiri nini?

Kaka aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari, watu kama mia mbili: wale jamaa wamechakachua, gari langu limekufa mara nne, sambazeni. Akaweka picha ya pampu. Kwenye picha, pembeni kidogo, alionekana dada aliyekuwa akimjazia, sare na kofia, ameshika bomba la mafuta, uso wazi.

Dodoma ni makao makuu ya nchi, lakini bado ni mji wa watu wanaojuana. Siku ya tatu tulisikia kwamba yule dada ameambiwa apumzike kwanza mpaka maneno yapoe. Analipwa kwa zamu. Kwa mtu anayelipwa kwa zamu, kupumzika ni kutokula.

Nisiwe mwepesi wa kumhukumu kaka, kwa sababu neno alilolitumia hakulibuni yeye. Kuchakachua lina historia yake. Kuna wakati mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana kuliko petroli na dizeli, kwa sababu nzuri kabisa: yalikuwa mafuta ya maskini, ya koroboi na majiko ya utambi. Ile tofauti ya bei ikawa faida ya wajanja. Unachanganya, unauza kwa bei ya petroli, na injini ya mtu mwingine inalipa. Septemba 2010, EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, kimiminika maalumu kinachochanganywa kwa kiasi kidogo sana ghalani kabla lori halijatoka, ili mkaguzi akichukua sampuli kwenye kituo, kifaa kimwambie kama kuna kilichoongezwa njiani, au kama ni mafuta ya kwenda nchi jirani yaliyopotelea hapa. Baadaye kazi hiyo ikahamia Shirika la Viwango, TBS. Mwaka huohuo wa 2010 tulikuwa na uchaguzi mkuu, na neno likaruka kutoka kwenye tanki hadi kwenye sanduku la kura. Tangu hapo tumechakachua mitihani, matokeo ya mpira, vyeti, hata maziwa.

Kisha ikaja bajeti ya 2011/12. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ikaribie ile ya dizeli, ili kuchanganya kusiwe na faida. Kenya nao 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Kama sera ina mantiki. Lakini fikiria bibi wa Bahi au Mpwapwa ambaye hakuwahi kuchanganya chochote zaidi ya unga na maji, akiambiwa koroboi yake imepanda bei kwa sababu kuna watu mjini wanadanganya wenye magari. Hili halikuzua kelele kubwa kwa vijana wenzangu wa mtandaoni. Wenye koroboi hawakuwa na makundi ya WhatsApp.

Ninachosema ni kwamba hofu ya kaka ilikuwa na mizizi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na sisi tuliumwa kweli.

Ila petroli yenye mafuta ya taa ina tabia zake. Mafuta ya taa ni mazito, hayageuki mvuke haraka. Gari lililonyweshwa mchanganyiko huo linateseka zaidi asubuhi, injini ikiwa baridi, na ukilipandisha mlima linagonga. La kaka lilikuwa kinyume. Asubuhi liliwaka, labda kwa sekunde moja mbili zaidi ya zamani. Mlima lilipanda bila kugonga. Lilikufa likiwa la moto.

Halafu kuna suala la meli. Tangu 2012 petroli na dizeli ya Tanzania inaagizwa kwa pamoja. Zabuni inatangazwa, mshindi analeta meli, kampuni zinagawana shehena ileile. Leo kazi hiyo inasimamiwa na Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja. Lori la bluu na lori la njano mnayoyaona yakipishana kwenye kona za Morogoro yanaweza kuwa yamebeba mafuta yaliyovuka bahari kwenye meli moja. Bei ya juu kabisa anapanga EWURA, anaitangaza kila mwezi, Dodoma ina yake na Mpwapwa ina yake. Nembo inabaki na nini? Kampuni ikitaka kujitofautisha, nafasi yake ni viungo vya kusafishia injini vinavyoongezwa baada ya mafuta kushuka. Hivyo si porojo. Mwaka 2004 watengenezaji wanne wa magari, BMW, General Motors, Honda na Toyota, walianzisha Marekani kiwango chao cha viungo hivyo kwa kuwa waliona vya kawaida havitoshi kuzuia uchafu kwenye injekta na vali. Lakini uchafu huo unajijenga kwa maelfu ya kilomita. Hauwezi kukukamata palepale kwenye pampu, kabla hujafunga mkanda.

Kilicho tofauti kweli ni kituo chenyewe. Maji ya masika yaliyopenya kwenye tanki la chini. Kutu. Msimamizi anayepima tanki kila asubuhi na yule anayejaza fomu akiwa nyumbani. Dereva wa lori aliyesimama mahali ambapo hakupaswa. BP Tanzania ilipogeuka Puma, mwanzoni mwa muongo wa 2010, mabango yalibadilishwa rangi na matangi yakabaki ardhini yalipokuwa. Ubora au ubovu wa mafuta una mtu na una siku, na jina barabarani halikuambii ni nani wala ni lini. Tunalaumu jina kwa sababu ndilo linaloonekana kwa mbali, limewashwa taa usiku.

Tulimpeleka mgonjwa kwa fundi mmoja wa Majengo, mzee wa makamo anayeongea kidogo. Kaka alimsomea orodha yake ya mara tisa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Pale kwa kwanza unakaa muda gani?"

Kaka hakuelewa.

"Ukishazima gari. Unakaa muda gani mpaka uwashe?"

Sheli ya kwanza ina foleni. Ukishajaza unalipa kwa simu, mtandao unasuasua, risiti inatoka kwenye kidirisha kimoja. Dakika kumi, kumi na mbili. Sheli ya pili haina watu. Unatoa noti, unaondoka, dakika tatu.

Fundi alimwomba ufunguo. Akaliendesha hadi Kisasa na kurudi, saa nane mchana, akalizima, akatuonyesha benchi chini ya mwarobaini. Tulikaa dakika kumi. Alipozungusha ufunguo, stata ililia na injini haikushika. Hapo gereji hapakuwa na sheli, wala mtu hakuwa ameongeza tone.

Akafunga geji kwenye bomba la mafuta, ikatueleza. Ndani ya pampu kuna vali ndogo inayozuia petroli isirudi tankini gari likizimwa. Ya kaka ilikuwa imechoka, presha ikawa inashuka mpaka chini muda mfupi baada ya kuzima. Injini ya moto ikikaa bila kuzunguka, joto lake linapanda kwenye reli ya injekta. Petroli isiyo na presha inachemka humo na kuwa mvuke, na pampu dhaifu inahangaika kusukuma mvuke. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, vitu vinachemka mapema kidogo kuliko Dar. Ukiwasha baada ya dakika tatu, joto halijafika. Baada ya nusu saa, limeshapoa. Katikati ndipo gari linapokufa.

Kisha fundi akasema jambo ambalo lilipaswa kutujia siku ya kwanza. Lile gari likigoma palepale sheli, petroli iliyokuwa kwenye reli haikuwa ya sheli ile. Ilikuwa ya safari iliyopita. Mara nyingine ilikuwa ya sheli ya pili, ile nzuri.

(Wamarekani wana hadithi yao ya gari lililokuwa linagoma kila mwenyewe akinunua aiskrimu ya vanila na kuwaka akinunua ladha nyingine, vanila ilikuwa mbele ya duka, haichukui muda. Niliisoma zamani nikadhani ni kichekesho cha wahandisi.)

Kinachonishika hapa ni kwamba takwimu za kaka zilikuwa sahihi. Hakudanganya wala hakutia chumvi. Sheli ya kwanza kweli ilihusiana na kugoma, na kama angejaza mara mia, uhusiano ule ungezidi kukaza. David Hume aliandika katika karne ya 18 kwamba macho yetu hayajawahi kuona sababu, yanaona tu kitu kikifuata kingine, na mazoea yanamalizia. Kaka aliona kufuata. Kilichomalizia kilikuwa neno lililokuwa tayari kinywani mwa kila mtu.

Evans-Pritchard, kwenye kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, watu wanaoishi pale Sudan Kusini, Kongo na Afrika ya Kati zinapokutana, anaeleza ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake kivulini. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa hiyohiyo, juu ya watu haohao. Hapo uchawi unaingia. Wasomaji wengi wa chuo hucheka kidogo wakifika ukurasa huo. Mimi naona kaka yangu, mhasibu mwenye shahada, aliuliza swali lilelile: kwa nini hapa, kwa nini mimi? Na kama wenzetu wa zamani, hakutaka jibu liwe vali. Vali haina nia mbaya. Mtu akishaumia anatafuta mwenye nia. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na samadi ndio uliyafanya mekundu. Silinganishi mauaji na ujumbe wa WhatsApp. Nasema tu hatua ya kwanza ya safari zote mbili ni moja, na ni rahisi mno kuipiga.

Mwaka 1877 Mwingereza William Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli kuukuu anayejituliza moyo kwamba itafika, anaiachia iende na wahamiaji, inazama. Ana hatia, anasema Clifford. Lakini hata ingefika salama angekuwa na hatia ileile, maana hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Hebu geuza kwa kaka. Tuseme EWURA wangekuja na vifaa vyao, wakakuta mafuta ya sheli ile kweli yamechanganywa. Kundi zima lingempigia makofi. Na bado sababu ya gari lake kugoma ingekuwa vali. Angekuwa shujaa kwa bahati, kama anayerusha jiwe gizani likampata mwizi.

Nilimwambia hivyo. Alikasirika, na hoja yake haikuwa dhaifu.

"Dogo, wewe unataka nisubiri maabara. Maabara ninayo mimi? Wenye maabara ni serikali, wenye sheli wana pesa, mimi nina simu tu. Kila mtu akisubiri uhakika, wachakachuaji watatumaliza. Mimi nilikuwa naokoa watu."

Hapo Clifford ananishinda kumtetea. Ukimdai raia wa kawaida ushahidi wa kutosha kabla hajafungua mdomo, umemnyamazisha, na wanaofaidi ukimya wake ni walewale wenye nguvu. Mwaka 2010 wenye magari walilalamika bila vipimo, na kwa sehemu kubwa walikuwa na haki. Siwezi kukubali kanuni ambayo ingewafunga midomo.

Lakini kati ya kunyamaza na kutangaza kuna nafasi kubwa ambayo kaka aliiruka. Angeweza kuandika: nimejaza pale mara tano, mara nne gari limegoma palepale, kuna mwingine limemkuta? Kila neno hapo lingekuwa kweli. Lingeonya wa kuonywa. Na kwenye watu mia mbili, pengine angekuwepo mmoja wa kuuliza swali la fundi. Angeweza kutunza risiti yake ya kielektroniki, yenye saa na lita, akapeleka malalamiko EWURA, ambao makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Alichofanya ni kuchukua alichokiona na alichokidhani akavifunga kwenye neno moja, akakituma kifurushi hicho na uso wa mtu juu yake.

Uso huo ndio ninaorudi kwake. Kaka alipokosea, gharama haikumfikia. Kampuni yenye nembo haikusikia hata mvumo. Mwenye kituo alipoteza wateja siku kadhaa. Gharama ilishuka, kama maji, mpaka kwa mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo, ambaye hakuagiza meli, hakuendesha lori, hana ufunguo wa tanki. Nadhani kiasi cha uhakika tunachodaiwa kabla ya kulaumu kinapaswa kutegemea nani atalipa tukikosea. Kumlaumu waziri kwa ushahidi wa nusu ni jambo moja. Waziri ana msemaji. Dada wa pampu ana simu isiyo na bando.

Pampu ilibadilishwa kwa mtumba kutoka Dar, gari linawaka. Kaka alifuta ujumbe wake, akaandika mwingine: tatizo limetatuliwa, asanteni. Nilimwambia sentensi hiyo inasomeka kana kwamba sheli imejirekebisha. Alisema natafuta makosa. Wiki iliyofuata, baada ya baba mkubwa kumuuliza mezani, kwa sauti ya chini, yule binti alikuwa analipwa kiasi gani kwa zamu, aliandika wa tatu, mrefu, unaoeleza vali na dakika kumi. Waliousoma ni wachache. Ule wa kwanza ulikuwa umeshafika kwenye makundi ya Singida, na huko haufutiki.

Dada alirudi kazini baada ya siku 16. Hakuna aliyemlipa hizo 16. Kaka anasema atakwenda kuongea naye, akipata nafasi. Mpaka leo anajaza sheli ya pili, na ukimuuliza kwa nini atakuambia ile ya kwanza ina foleni, jambo ambalo ni kweli.